Kuwatunza Simbilisi Wakati wa Masika na Kusi Mombasa

Kila mwaka mvua za masika zinapoanza, maswali huwa yale yale. Je, simbilisi wanaona baridi? Niwafunike kwa blanketi, niwahamishie jikoni, au niwavike sweta ya mtoto mchanga? Mbona mmoja anapiga chafya tangu juzi? Nimeyajibu maswali haya kwa miaka mingi, mtu mmoja mmoja, kwa majirani na kwa wazazi waliomnunulia mtoto jozi ya simbilisi siku ya Idi wakidhani ni kama kununua mdoli, na sasa naona ni afadhali majibu yote yakae mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simbilisi wawili, watatu au sita wa kufuga nyumbani, awe anaishi katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, katika fleti ya Tudor au katika ua wa Kisauni au Likoni.

Simbilisi ndiye mnyama ambaye watoto wengi mjini humwita ginipigi. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba anaweza kustahimili baridi yoyote. Simbilisi wa leo, hata hivyo, amefugwa ndani ya nyumba za watu kwa maelfu ya miaka, na hali ya hewa inayomfaa zaidi ni ya nyuzi 18 hadi 24. Sasa tazama Mombasa: usiku wa Julai na Agosti, ambao ndio wa baridi kuliko mwingine wote, joto hushuka hadi nyuzi 20 au 22 hivi. Kwa kipimo hicho peke yake, kusi, yaani majira ya upepo utokao kusini, ndiyo raha ya simbilisi, na anayeteseka ni yule wa Februari.

Kinachowaua wanyama hawa kwetu ni kulowa, kupigwa na upepo wakiwa wamelowa, na kulalia matandiko yenye mkojo ambayo hayakauki kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Manyoya makavu huhifadhi joto la mwili, lakini yakilowa huwa kama nguo mbichi mwilini. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata, kila utakapolazimika kuchagua kati ya kuwapa joto na kuwaweka pakavu, chagua pakavu.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Vitafute vitu hivi mwezi wa Machi, kabla mvua haijaanza, kwa maana mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi kuliko yote Mombasa, hakuna maranda makavu utakayoyapata kwa seremala yeyote.

- Banda au kizimba chenye sakafu isiyo ya waya, kisichopungua sentimita 120 kwa 60 kwa simbilisi wawili.
- Maranda ya mbao makavu. Gunia moja la ukubwa wa kilo 90 hunitosha karibu mwezi mzima kwa jozi moja.
- Nyasi kavu. Robota moja la nyasi za boma linalouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe na mbuzi litakufaa kwa muda mrefu.
- Magazeti ya zamani.
- Kipande cha turubai na kamba. Nailoni nyembamba haifai, na sababu nitaieleza.
- Sanduku la mbao au la katoni ngumu la kulalia, lenye mlango mdogo.
- Makopo manne ya maziwa ya unga, ikiwa banda lina miguu.
- Chupa ya kunyweshea ya kuning'iniza, siki nyeupe, na mizani ya jikoni inayoonyesha gramu.
- Chupa mbili za plastiki za nusu lita na kipande cha leso kuukuu.

Mizani wengi huiona kuwa anasa. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu kati ya hivi, nunua mizani, kwa sababu banda unaweza kulitengeneza kwa paleti na sanduku unaweza kuliokota, lakini uzito wa mnyama huwezi kuukisia kwa macho.

Hatua ya 1: Chagua mahali na uligeuze banda

Upepo wa kusi hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, na mvua ya masika huja nao. Simama pale unapotaka kuweka banda, jua ni upande gani bahari iko, kisha uligeuze banda ili uso wake wa waya utazame kaskazini-magharibi na mgongo wake wa mbao upokee upepo. Hatua hii haigharimu hata shilingi moja, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Nimewahi kuona banda zuri la bei kubwa, lenye paa la bati na rangi mbili, likiwa limeelekezwa moja kwa moja kusini-mashariki kwa sababu mwenyewe alitaka kuwaona wanyama wake akiwa ameketi barazani.

Wanaoishi ghorofani hudhani kwamba roshani ni mahali salama. Roshani inayotazama bahari ni pabaya kuliko uani, kwa sababu huko juu hakuna mti wala ukuta wa jirani wa kuupunguza upepo, na mvua ya kusi hunyesha kwa mlalo. Ikiwa roshani yako inatazama upande huo, waingize simbilisi ndani tangu Aprili hadi Septemba.

Ndani ya nyumba nako kuna la kuangalia. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hunyonya maji wakati wa masika hadi ukizigusa unahisi umande. Usikiegemeze kizimba ukutani. Acha nafasi ya shubiri moja ili hewa ipite nyuma yake. Usikiweke juu ya sakafu ya saruji moja kwa moja, hata kama kina tabaka nene la maranda, kwa sababu baridi ya saruji hupenya kutoka chini na unyevu hupanda nayo. Kiinue juu ya matofali au paleti.

Onyo: jikoni si mahali pa simbilisi. Moshi wa makaa, mvuke wa vyungu na mafuta yanayokaangwa huharibu mapafu yao madogo upesi sana, na hewa chafu ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa huua mnyama na binadamu pia. Vivyo hivyo usifukize udi wala ubani katika chumba wanacholala, na usiwashe dawa ya mbu ya kuzunguka karibu nao. Najua kwamba masika huleta mbu wengi na kwamba nyumba ya Mswahili bila chetezo jioni ya Ijumaa haijatimia. Basi fukiza sebuleni, na simbilisi wawe chumba kingine chenye dirisha wazi.

Hatua ya 2: Inua banda na uzuie wanaopanda

Banda la nje liwe juu ya ardhi kwa nusu mita au zaidi. Mvua kubwa ikinyesha, maji hujaa uani kwa dakika chache tu, hasa katika mitaa ambayo mitaro yake imeziba, na simbilisi hawezi kukimbilia popote akiwa amefungiwa.

Maji yakijaa ardhini, siafu, sisimizi, panya na hata nyoka hutafuta mahali pa juu palipo pakavu, na banda lako ndilo watakaloliona. Kila mguu wa banda utie ndani ya kopo na umimine mafuta machafu ya gari kiasi cha vidole viwili. Maji pia huzuia siafu, lakini makopo manne ya maji yaliyosimama uani wakati wa masika ni kiwanda cha mbu. Makopo yawe chini ya kivuli cha paa, la sivyo mvua itayajaza na mafuta yatamwagika chini.

Waya uwe wenye matundu madogo kiasi kwamba kidole chako kidogo cha mwisho hakipiti. Waya wa kuku wa kawaida haumzuii panya, na hewa ya chumvi hapa pwani huula kwa mwaka mmoja au miwili. Ukague kila mwisho wa mwezi kwa kuuvuta kwa mkono. Kunguru nao, ambao Mombasa hawahitaji kutambulishwa, huwanyakua watoto wa simbilisi mchana kweupe. Banda lisiachwe wazi juu hata kwa dakika za kufagia.

Hatua ya 3: Weka kinga ya upepo bila kuziba hewa

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi mwenyewe nilikosea mwaka wangu wa kwanza. Nilichukua nailoni pana, nikalifunika banda lote juu hadi chini usiku wa mvua, nikaenda kulala nikiwa na moyo mkunjufu. Asubuhi nilipofunua, harufu ya mkojo ilinitoa machozi, nailoni ilikuwa inachuruzika maji kwa ndani, na wanyama watatu walikuwa wameloa kwa pumzi zao wenyewe. Mmoja alikohoa kwa wiki mbili.

Mkojo wa simbilisi unapokaa hutoa amonia, na amonia huunguza njia ya hewa hadi vijidudu vya homa ya mapafu vinapata pa kuingilia. Kwa hiyo:

1. Funga turubai pande tatu tu: mgongoni na ubavuni kote kuwili. Uso unaotazama kaskazini-magharibi uache wazi.
2. Chini ya paa acha mwanya wa sentimita 10 hivi kuzunguka banda lote, ili hewa yenye joto na amonia itoke juu.
3. Turubai lifike chini kuliko sakafu ya banda, ili maji yadondoke nje na yasiingie kwenye matandiko.
4. Paa litokeze mbele kwa angalau sentimita 30. Makuti yanafaa na hayapigi kelele mvua ikinyesha. Bati huwatisha wanyama, na usiwasogeze chini ya bati tupu, weka plaiwudi au jamvi kuukuu katikati.
5. Asubuhi isiyo na mvua, kunja turubai lote hadi jioni.

Ukitaka kujua kama kinga yako ni sawa, inamisha uso wako hadi usawa wa sakafu ya banda asubuhi kabla hujasafisha, na uvute pumzi. Ikiwa wewe unasikia mkojo ukiwa umeinama kwa sekunde tano, wao wameuvuta usiku kucha.

Hatua ya 4: Waandalie chumba cha kulala

Sanduku lisiwe kubwa. Simbilisi wawili wakilala wakigusana ndani ya sanduku la sentimita 40 kwa 30 hupashana joto, ilhali sanduku kubwa hubaki baridi. Liwe na milango miwili ikiwa una madume, kwa sababu aliyefukuzwa akikosa pa kutokea hung'atwa. Lijaze nyasi kavu hadi nusu, waache wenyewe wachimbe humo.

Usiweke taulo lenye nyuzi zilizochomoza, kwa maana kucha hunasa na kidole huvunjika. Makumbi ya nazi pia siyapendekezi, ingawa ni ya bure na yapo kila mahali, kwa sababu nyuzi zake hujizungusha mguuni na mnyama huzitafuna.

Usimvike simbilisi nguo. Nguo hulowa mkojo, humzuia kujisafisha na humtia hofu. Pia usimwogeshe katika miezi hii. Simbilisi mzima wa afya hujisafisha mwenyewe, na ikiwa nyuma pamechafuka mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kisha umkaushe kabisa.

Hatua ya 5: Matandiko, ndiyo kazi yenyewe

Ukizifuata hatua nyingine zote na ukaizembea hii, utapoteza wanyama.

Tandika gazeti karatasi sita au nane. Juu yake mwaga maranda kwa unene wa sentimita 5. Juu ya maranda weka nyasi kavu upande wa kulala. Simbilisi huchagua pembe moja au mbili za kukojolea. Pembe hizo zizoe kila asubuhi na kila jioni, uweke maranda mapya. Banda zima libadilishwe mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi, lakini kuanzia Aprili hadi Julai mara moja haitoshi: badilisha kila siku ya tatu au ya nne. Sakafu ipanguse kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, ambayo huondoa ule ukoko mweupe wa mkojo, kisha uiache ikauke kabisa kabla ya kutandika upya. Kuwa na sakafu mbili za plaiwudi za kubadilishana kutakuokoa sana, kwa kuwa moja hukauka huku nyingine ikitumika.

Jinsi ya kupima ukavu: chukua konzi ya maranda kutoka katikati, si juu, uibane kwa nguvu, kisha ufungue kiganja. Yakibaki yameshikamana, yatoe. Yakitawanyika, yana siku nyingine moja.

Kuhusu maranda yenyewe, mwulize seremala mbao alizopiga randa. Usichukue ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa wala yaliyochanganyika na vumbi la mbao za kiwandani zilizogandishwa kwa gundi. Unga wa msumeno haufai kabisa kwa sababu huingia puani, na vumbi la mvule huwasha pua ya fundi mwenyewe, sembuse ya mnyama mwenye kilo moja. Maranda yenye harufu kali ya utomvu yaanike juani hadi harufu iishe. Yahifadhi kwenye magunia yaliyoinuliwa, mahali penye hewa. Ukifungua gunia ukaona vumbi la kijani au ukasikia harufu ya ukungu, limwage lote shimoni. Usichague yaliyo mazuri.

Hatua ya 6: Lishe wakati nyasi zote zimelowa

Simbilisi, kama binadamu, hawezi kutengeneza vitamini C mwilini mwake, na akiikosa kwa wiki mbili au tatu viungo huvimba, manyoya husimama na kinga ya mwili hupungua wakati ule ule ambapo unyevu unamshambulia. Mahitaji yake ni miligramu 10 hadi 30 kwa siku, na mjamzito huhitaji kiwango cha juu. Kipande cha pilipili hoho cha gramu 25 kina karibu miligramu 20, nazo hoho zipo katika masoko ya Kongowea na Marikiti mwaka mzima. Pera lina vitamini C nyingi zaidi, kuliko chungwa kwa zaidi ya maradufu, lakini lina sukari, kwa hiyo kipande cha ukubwa wa kidole mara mbili kwa wiki kinatosha. Sukuma wiki jani moja kwa siku ni sawa. Chakula cha vidonge cha sungura hakina vitamini C, na hili liwaambie hata wauzaji.

Nyasi ndizo chakula kikuu, na zisikatike usiku wala mchana, kwa sababu meno ya simbilisi hukua maisha yake yote na utumbo wake ukikaa mtupu kwa nusu siku huanza kusimama. Tatizo la masika ni kwamba nyasi mbichi zimejaa maji na huja na matope. Zikate mbali na barabara na mitaro, zikung'ute, zitandaze kwenye jamvi ndani ya nyumba zinyauke tangu asubuhi hadi jioni, ndipo uwape. Usizirundike zikiwa mbichi, kwa maana rundo hupata joto katikati na kuchacha, na nyasi zilizochacha hujaza tumbo gesi. Mnyama aliyezoea nyasi kavu mwongezee mbichi kidogo kidogo kwa siku tano au sita.

Vitu vya kutowapa kamwe: kisamvu kibichi, majani ya nyanya na ya viazi ulaya, kitunguu, parachichi, na mkate au mabaki ya wali. Pumba za mahindi nazo ziache katika miezi hii, kwa sababu mahindi yaliyopata unyevu hufanya kuvu lenye sumu ambayo huenda usiione wala usiinuse.

Maji yawe safi kila siku katika chupa ya kuning'iniza. Bakuli humwagika na kulowesha matandiko, kwa hiyo unajiongezea kazi.

Hatua ya 7: Joto la ziada, kwa wachache tu

Simbilisi mzima mwenye afya hahitaji kupashwa joto Mombasa. Wanaohitaji ni watoto wa siku chache, wazee, wagonjwa, na yeyote aliyelowa. Watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, na hukimbia siku hiyo hiyo, jambo ambalo humfanya mfugaji mpya adhani kwamba hawana haja ya kitu. Lakini mtoto wa gramu 80 aliyelowa usiku wa upepo hafiki asubuhi.

Jaza chupa ya nusu lita maji ya moto ambayo mkono wako unaweza kuyavumilia, ifunge vizuri, izungushie leso mara mbili, na uiweke upande mmoja wa sanduku. Upande mwingine uache bila chupa, ili mnyama aweze kusogea akiona joto. Badilisha kila baada ya saa nne au tano, kwa sababu chupa iliyopoa hunyonya joto la mnyama.

Taa ya umeme iliyotundikwa bandani siipendi. Simbilisi hutafuna kila waya unaofika mdomoni, na mvua na umeme havikai pamoja.

Hatua ya 8: Kagua kila siku, pima kila wiki

Asubuhi, kabla ya kazi nyingine, waite kwa kuchezesha nyasi. Anayekuja mbio akipiga kelele ni mzima. Asiyekuja mshike, mtazame pua, macho, mdomo na nyuma, na umsikilize kifuani kwa sikio lako. Jumamosi mpime, uandike.

Simbilisi mzima ana gramu 700 hadi 1,200. Akipungua gramu 50 katika wiki, mwangalie kwa makini kila siku. Akipungua moja ya kumi ya uzito wake, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mchangamfu, kwa kuwa simbilisi huficha ugonjwa hadi mwisho.

Ukisafiri nao kwenda bara

Hapa baridi huwa baridi ya kweli. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Limuru ni zaidi, na Wundanyi kule Taita hushangaza watu kwa sababu ni karibu nasi. Mnyama aliyetoka Mombasa hajazoea, na tofauti hii anaipata kwa usiku mmoja tu.

Msafirishe katika sanduku lenye matundu ubavuni, lenye nyasi nyingi kavu na vipande vya tango badala ya maji, na usimwache karibu na dirisha la basi wala chini ya kipoza hewa. Wasafiri wawili pamoja hutulia kuliko mmoja. Ukifika, waweke ndani ya nyumba siku zote za ugeni wenu, mbali na mlango, sanduku lijae nyasi hadi juu, na chupa ya joto usiku mbili za kwanza. Jamaa watakushauri uwaweke na sungura wa nyumbani ili wapate joto: kataa kwa adabu. Sungura, na pia mbwa, hubeba bakteria aitwaye Bordetella bila wao kuumwa, na kwa simbilisi bakteria huyo huleta homa ya mapafu. Usikubali pia walazwe chumba chenye jiko la makaa.

Matatizo na namna ya kuyatatua

Anapiga chafya mara moja moja, anakula kama kawaida. Mara nyingi ni vumbi au amonia. Badilisha matandiko yote leo, ongeza mwanya wa hewa, na utazame siku mbili.

Anapiga chafya, pua ina makamasi, mbavu zinapiga au kuna mlio kifuani. Hii ni homa ya mapafu hadi daktari aseme vingine, na ni ya siku hiyo hiyo. Mtenge na wenzake na umpeleke.

Onyo kubwa kuliko yote humu: usimpe dawa ya binadamu uliyobakiza nyumbani. Penisilini, ampisilini na amoksilini huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, na mnyama hufa kwa siku chache kutokana na dawa yenyewe. Mwambie daktari waziwazi kwamba huyu ni simbilisi, si sungura wala panya.

Macho yanatoa maji meupe kama maziwa, kisha anajipangusa uso. Si ugonjwa. Ndiyo sabuni yake.

Ameloa na amelegea, masikio na miguu ni baridi. Mkaushe kwa kitambaa kwa kubonyeza, bila kusugua. Mweke kifuani pako chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, kwa nusu saa. Usimtumbukize katika maji ya moto na usimweke karibu na moto, kwa sababu kumpasha ghafla humdhuru. Akianza kutikisa pua na kutazama, mpe nyasi, kisha chupa ya joto.

Hajala tangu jana. Usingoje kesho. Ponda chakula chake cha vidonge kwa maji ya vuguvugu, umpe polepole kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, ukipitishia ubavuni mwa mdomo ili asipaliwe, na umtafutie daktari huku ukiendelea.

Manyoya yanakatika kwa duara, ngozi ina magamba. Ni choa, ambacho hustawi penye unyevu na huambukiza watu, watoto kwanza. Nawa mikono kila unapomshika. Ikiwa anajikuna hadi kujijeruhi au kupata kifafa, huo ni upele wa utitiri, na dawa yake hutolewa na daktari kwa kipimo cha uzito.

Nyayo zimevimba na ni nyekundu. Sakafu imelowa au ni ya waya. Tibu sakafu kwanza, kisha nyayo.

Anajikokota na analia akishikwa, lakini hana jeraha. Shuku upungufu wa vitamini C, mwongezee hoho leo hii, na daktari athibitishe.

Kinga itolewe lini

Oktoba upepo wa kusi ukilegea, toa turubai la pande zote tatu na ulianike kabla ya kulihifadhi. Paa libaki, kwa sababu vuli ina mvua zake hadi Novemba. Ikifika Desemba kaskazi imeingia, joto la mchana huvuka nyuzi 30, na simbilisi huanza kuzidiwa joto likipita nyuzi 27 hivi; basi ile chupa ya nusu lita iliyokuwa na maji ya moto ijaze maji, uigandishe, uizungushie leso ile ile, na uiweke pale pale.